Mabenchi Yaliyogeukia Dirisha la Pili

Jumamosi saa tisa alasiri, Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni mwa kanisa, spana mkononi, akikaza nati ya mwisho ya benchi la mwisho. Mabenchi yalikuwa ishirini na manne, kumi na mawili kila upande wa njia ya katikati, na kila moja sasa lilikuwa limefungwa kwa bolti nne zilizozama kwenye saruji. Alisimama, magoti yakalia, akalisukuma benchi kwa nyonga. Halikutikisika. Akalisukuma tena kwa hasira kidogo, kisha akafagia vumbi la saruji na kumrudishia Mama Funguo funguo zake.

Mama Funguo alikuwa mfagiaji wa kanisa. Ndiye aliyelitaja jambo hilo mara ya kwanza, majuma matatu nyuma, katika daftari ambamo huandika vitu vinavyohitaji kutengenezwa. Aliandika kwamba ufagio umekatika mpini, bomba la nje linavuja, na mabenchi yote yamegeukia dirisha la pili. Katibu wa kamati ya kanisa alitia alama ya vema kwenye ufagio na bomba. Kando ya mabenchi aliandika, "Fundi aone."

Fundi akaona. Mabenchi aliyatengeneza kwa mikono yake miaka kumi na sita iliyopita, ulimi kwa tundu, bila msumari hata mmoja. Yalikuwa yamegeuka robo duara, kila moja mahali pake, bila kuacha mkwaruzo sakafuni. Migongo ilielekea ukuta wa kulia, na atakayeketi angetazama ukuta wa kushoto, kwenye dirisha la pili kutoka mbele. Kwa vipimo vya futi yasingeweza kuenea namna ile. Yalienea, na nafasi ya magoti ikabaki. Fundi aliyarudisha moja moja, na Jumapili iliyofuata yakawa yamegeuka tena. Ibada huanza saa tatu kamili, kwa hiyo watu waliketi walivyoyakuta, wakasikiliza mahubiri shingo upande, na safari hii haikuwa namna ya kusema tu. Kamati ilipokutana ilizungumzia shingo. Wazee wawili walikuwa wameanza kupaka dawa ya kuchua, na mmoja alilalamika kwamba akimtazama mchungaji kwa muda mrefu sikio linapiga kelele. Ndipo likaja wazo la bolti.

Jumapili asubuhi bolti zilikuwa zimekaza vilevile. Nati hazikulegea hata uzi mmoja. Mashimo yenyewe ndiyo yalikuwa yamehama pamoja na mabenchi, na mahali pa zamani sakafu ilikuwa laini kama haijawahi kutobolewa. Fundi aliinama akapapasa saruji kwa kiganja. Kazi ilikuwa safi.

Juu ya mimbari palining'inia ubao aliouchonga mwenyewe mwezi wa kwanza, wenye neno la mwaka lililochaguliwa na kamati: MIOYO YETU IELEKEE UNAKOELEKEA MOYO WA MUNGU. Mchungaji alikuwa amelifafanua neno hilo kwa Jumapili nne. Alisema moyo wa Mungu humwendea anayeumia, tena humwendea haraka, na kwamba Mkristo hana budi kuutazama wake kila siku, aone umeelekea wapi, augeuze. Fundi aliyapenda mahubiri yale. Mlangoni alimshika mchungaji mkono akamwambia ameshiba. Inaelekea mabenchi nayo yalisikia, na kwa kuwa ni mbao yaliyachukua maneno kama yalivyosemwa.

Kupitia dirisha la pili ilionekana barabara nyembamba, na ng'ambo yake chumba kimoja chenye mlango wa bluu na dirisha lisilo na pazia. Ndani ya dirisha hilo palikuwa na cherehani, na nyuma ya cherehani alikaa Mshonaji. Alikuwa mdogo wa kike wa Fundi, baba mmoja, mama mmoja. Alikuwa ametengwa na kanisa kwa miaka sita, na aliyemshitaki ni Fundi.

Mambo yalikwenda hivi. Alfajiri moja, akienda karakana kwake, Fundi alimwona mwanamume akitoka mlangoni kwa mdogo wake, ambaye wakati ule alikuwa mjane wa mwaka mmoja. Mtu mwenyewe alikuwa mume wa mtu na mlevi anayejulikana, na alikuwa amevaa shati la marehemu shemeji. Fundi alikuwa na majuma matatu tangu achaguliwe mzee wa kanisa. Alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji, ili isije ikasemwa kwamba anawafunika ndugu zake. Baraza likaitwa. Mshonaji alieleza kwamba alimwokota yule mtu mtaroni akiwaka homa, akamuuguza siku tatu, akamvalisha shati kavu kwa sababu lake lilikuwa limelowa matapishi. Mtu mwenyewe alikuwa ameshaondoka mjini. Baraza likamgeukia Fundi, likamuuliza kama alimwona mwanamume akitoka. Alimwona. Kama alikuwa na shati la marehemu. Alikuwa nalo. Kama kuna lingine aliloliona.

Lilikuwapo. Yule mtu alikuwa anatetemeka. Alikuwa ameegemea ukuta, miguu haimbebi, na Mshonaji alikuwa amemshika kwapani kama mtu anavyomshika mgonjwa. Fundi aliyaona hayo yote kwa macho yake mawili. Lakini wakati ule alikuwa na hasira, na kukiri kungekuwa kukiri kwamba alikimbilia kwa mchungaji bila kuuliza. Alitazama meza ya baraza, ambayo pia aliitengeneza yeye, akasema hana lingine.

Baada ya hapo ukimya ulikuwa mrefu, na kila mwaka ulizidi kuwa mgumu kuuvunja. Huyu ndiye mdogo wake aliyempelekea chakula cha jioni mwaka mzima mkewe alipofariki, sahani imefunikwa kwa sahani, bila kuulizwa. Mshonaji hakuhama mji. Alipanga chumba kile cha ng'ambo ya barabara ili ayasikie mahubiri kupitia dirishani, na kila Jumapili aliimba nyimbo zote, beti zote, akiwa kwenye kiti chake. Kwaya iliendelea kumpelekea majoho yake ashone. Mwalimu wa kwaya aliyapitisha dirishani na kuyapokea dirishani. Kanisa lilikuwa limemtenga mwenye mikono, si mikono.

Kitabu cha taratibu za kanisa kilikuwa na kanuni moja ya kuwarudisha watu kama yeye. Aliyemshitaki mtu ndiye atakayemwendea, amshike mkono, atembee naye mpaka ndani mbele ya watu wote. Mwingine yeyote hana ruhusa. Waliokiandika walitaka watu waogope kushitaki ovyo.

Kamati ilikutana Jumatatu. Mama Funguo, aliyekuwa ameleta chai, alisema kutoka mlangoni kwamba mabenchi yanamtazama Mshonaji, na hilo kila mtu analijua. Hakuna aliyebisha. Katibu aliliandika chini ya mengineyo. Kisha akatoa hoja kwamba kama mabenchi hayataki kugeuka, basi ni rahisi zaidi kuhamisha mimbari. Ikiwekwa ukutani mbele ya dirisha la pili, watu watamtazama mchungaji bila kuumia. Wote wakaona ni busara. Fundi akapewa majuma mawili kujenga jukwaa.

Walipotoka, mchungaji alimvuta kando, karibu na tangi la maji. Alikuwa kijana kuliko Fundi, na alizungumza naye kwa adabu.

"Mzee wangu, kazi hii ya jukwaa unaweza kuiepuka. Kitabu kinakutaja wewe peke yako."

"Najua, mchungaji."

"Mimi nikienda, ni kusalimia tu. Wewe ukienda, amerudi."

Fundi alisema atakwenda. Alisema acha kwanza amalize jukwaa, akili itulie. Aliposema hivyo aliamini kabisa, na hilo ndilo linalomsumbua mpaka leo.

Alikata mbao, akapiga randa, akapiga msasa. Alikuwa hodari, na uhodari ulimpa mahali pa kujificha. Siku ya nne alianza kugundua kwamba hasikii cherehani. Kwa miaka sita ilikuwa ikilia ng'ambo ya barabara kila alipofanya kazi kanisani, na hakujua kwamba alikuwa akiisikiliza. Mama Funguo alimwambia Mshonaji amevimba miguu na pumzi zinamkatika, anashona mstari mmoja, analala, anaamka, anashona mwingine.

"Anashona nini?" Fundi aliuliza.

"Pazia lenu."

Kamati ilikuwa imegundua kwamba mchungaji akisimama mbele ya dirisha la pili, jua litawapiga watu machoni. Kitambaa kikanunuliwa, na mwalimu wa kwaya akakipitisha dirishani kwa Mshonaji kama ilivyo desturi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ilikuwa kazi ya kushona, naye alikuwa mshonaji wao.

Pazia lilifika Jumamosi, limekunjwa, limetiwa bitana, pindo limenyooka. Fundi alilipima kwa skwea yake, akakuta pembe zote nne zimekaa sawasawa. Alipanda ngazi kulitundika. Kabla hajalivuta, alitazama nje, akamwona mdogo wake dirishani amejiinamia, mkono umeshikilia kingo. Alikuwa amezeeka kuliko yeye. Fundi alishuka ngazi, akatoka kwa mlango wa ubavuni, akavuka barabara kwa hatua kumi na moja. Kwa miaka sita alikuwa ameiona barabara ile kuwa pana.

Hakuingia. Alisimama nje ya dirisha, kama mwalimu wa kwaya.

"Kaka," Mshonaji alisema. "Pazia limetosha?"

"Limetosha. Limekaa vizuri sana."

"Nilihofia upande wa kushoto."

Fundi alisema upande wa kushoto hauna tatizo. Akamuuliza hali. Mshonaji akajibu kwamba ni miguu tu na kifua, atapona. Kisha akanyamaza ili apumue, na alipopata pumzi hakuzunguka.

"Yule mtu alikuwa anatetemeka, kaka. Uliona?"

"Niliona."

Mshonaji aliitikia kwa kichwa taratibu. Hakulia wala hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyekuwa akitafuta sindano iliyoanguka, na sasa ameiona ilipo.

"Nilidhani labda hukuona," alisema. "Miaka yote nilikuwa nawaambia watu, kaka hakuona."

Fundi aliona aibu, si ile ya kushikwa, bali ile ya kutetewa. Akamwambia kesho, Jumapili, mchungaji akiuliza kama kuna mzee mwenye neno, atasimama aseme yote, kisha atakuja kumchukua. Mshonaji akasema sawa. Akauliza ni saa ngapi hivi, ajiandae.

"Kama saa nne na nusu."

"Nitavaa viatu," alisema.

Jumapili mabenchi hayakuwa yamegeuka, kwa kuwa tayari yalitazama yanakotaka. Watu waliingia, wakaketi, wakamwona mchungaji mbele yao, shingo zimenyooka. Katibu alipitisha macho ukumbini na kuandika kwamba tatizo limekwisha. Pazia lilikuwa limevutwa. Nyuma yake dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya hewa, na wakati wa wimbo wa pili Fundi aliisikia sauti ya mdogo wake ng'ambo ya barabara, ikikatika katikati ya ubeti na kuungana tena mbele.

Saa nne na nusu mchungaji aliuliza kama kuna mzee mwenye neno. Alipouliza alimtazama Fundi. Fundi akasimama. Mbele yake zilikuwa nyuso ambazo kwa miaka sita zilimwita mtu wa haki, aliyemsema hata nduguye wa damu. Mioyo ya watu huhesabu haraka kuliko vinywa. Aliona, kwa kitambo kidogo sana, jinsi nyuso zile zitakavyobadilika.

"Vanishi ya jukwaa haijakauka vizuri," alisema. "Tuwaambie watoto wasiegemee."

Watu wakasema amina. Akaketi.

Mshonaji alifariki Jumatano. Mama Funguo ndiye aliyemkuta. Alikuwa kitini, amevaa gauni la bluu bahari na viatu vya kufunga, kamba zimefungwa kwa mafundo mawili mawili. Ilisemekana hakuvivua tangu Jumapili, ila pengine ni kwa sababu ya uvimbe wa miguu. Fundi hakuuliza zaidi.

Jeneza alilitengeneza mwenyewe, ulimi kwa tundu. Walipomlaza ndani aliomba wampishe kidogo, akamshika mkono. Alikaa nao muda mrefu. Lakini kitabu kilitaka mtu ashikwe mkono na atembee. Kwa kuwa aliyetengwa haingizwi kanisani, mchungaji aliongoza maombi katikati ya barabara, mahali ambapo kitabu hakikusema chochote. Kwaya iliimba ikiwa imevaa majoho aliyoyashona marehemu, na yaliwakaa vizuri.

Jumapili iliyofuata Mama Funguo aliandika katika daftari lake kwamba kitasa cha stoo kimekuwa kigumu, na mabenchi yamegeuka tena lakini si kwa dirishani. Katibu alitia alama kwenye kitasa. Mabenchi ya mbele yalikuwa yameipa mimbari mgongo. Ya nyuma yalielekea mbele kwa mshazari, na ya ng'ambo ya njia yalikaa kiubavu. Moja tu halikuwa limegeuka, nalo ni la safu ya nne, upande wa kulia, ambalo Fundi hulikalia kwenye ncha ya ukutani. Saa tatu kamili watu waliketi walivyoyakuta. Wakajikuta wote wanamtazama Fundi, wakafungua vitabu vya nyimbo, wakaimba wakimtazama.

Baada ya wimbo aliinuka akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa. Watu wakasimama kwa ajili ya sala, na walipoketi tena walikuwa wanatazama nyuma. Mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango alisogeza pochi yake ili apate nafasi ya miguu. Mchungaji aliendelea na somo. Lilikuwa juu ya huruma ya Mungu, na alilihubiri vizuri, ijapokuwa kwa migongo.

Kamati ilikutana Jumatatu, na safari hii haikukawia. Katibu alisema kwa kuwa mabenchi yanamfuata Fundi, basi Fundi aketi chini ya mimbari, na mambo yatajipanga yenyewe. Wote wakaona ni busara. Hakuna aliyeuliza mabenchi yameona nini kwake. Fundi alitengeneza kigoda kwa mchana mmoja, na Jumapili hiyo, alipokikalia mbele ya jukwaa, uso kwa watu, mabenchi yote ishirini na manne yalinyooka safu kwa safu, kama siku aliyoyaleta kwa mkokoteni.

Ilipofika saa nne na nusu alisimama bila kuulizwa. Alisema yule mtu alikuwa anatetemeka, na kwamba yeye aliona. Alisema mdogo wake alimshika kwapani kama mgonjwa kwa sababu alikuwa mgonjwa. Alisema yote, mpaka sahani zilizofunikwa, mpaka viatu. Sauti ilimkatika mara mbili, akasubiri irudi. Alipomaliza aliziangalia nyuso, akingoja zibadilike.

Watu wakasema amina. Mchungaji aliinamisha kichwa, kisha akatangaza wimbo.

Wiki iliyofuata alisema tena, akidhani labda hawakusikia. Wakasema amina. Wiki ya tatu Katibu alimjia kwa upole akamwomba asipite dakika mbili, kwa kuwa kuna matangazo. Sasa limo katika utaratibu wa ibada uliochapwa, baada ya wageni kukaribishwa na kabla ya sadaka: Neno la Fundi.

Alikwenda kwa mchungaji akaomba jina la mdogo wake lifutwe katika orodha ya waliotengwa. Mchungaji alifungua kitabu, akakisoma chote tena, mbele na nyuma, akakifunga. Macho yake yalikuwa mekundu. Kitabu hakikuwa na njia nyingine ya kumrudisha mtu. Fundi akauliza, na yeye je, nani atamrudisha? Mchungaji akasema, wewe hujatengwa, mzee wangu, hakuna aliyekushitaki. Kwa hiyo hakuna aliyepewa kazi ya kuja.

Na hakuna aliyekuja. Si kwamba wanamchukia. Wanamsalimu vizuri, wanamuulizia afya, wanamletea viti vilivyovunjika. Chumba cha ng'ambo amepanga fundi wa saa, na pazia la dirisha la pili hufunguliwa siku za mawingu. Ibada ikiisha watu hutoka kwa mlango mkubwa, wakishikana mikono, wakipanga shughuli za mchana. Fundi hubaki kwenye kigoda chake. Mabenchi yamemwelekea yote, matupu, nayo hukaa hivyo yakimtazama mpaka Mama Funguo arudi kufunga mlango.